Uzito wa Mlango

Dada yangu Tsiala aliishi miaka ishirini na tisa
bila kujua kwamba mlango wa benki ni mzito.
Kila alipoukaribia palikuwa na mkono:
wa mlinzi, wa mzee mwenye fimbo,
wa kijana aliyeacha maongezi ya simu yakining'inia.
Alipita kama hewa. Akasema asante,
akaamini, maskini, kwamba Tbilisi ni mji wa watu wema.

Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili,
mlango ukinirudia puani.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Nimejitembeza, soli zimekwisha.
Kwa Avto mwoka mikate, kule Sololaki,
Tsiala huongezewa mkate wa pili, wa moto,
"chukua, utampelekea mama,"
ilhali mama ni mmoja, nami ni mwanawe,
na mimi huhesabiwa chenji hadi senti ya mwisho.
Askari wa barabarani alimwandikia faini
kisha akaichana vipande vidogo vidogo
kama anayewalisha njiwa.
Mwalimu wa hesabu alimwona ana akili iliyojificha.
Yangu ilikuwa wazi ubaoni, hakuna aliyeitafuta.

Sisemi alikuwa na kiburi. Heri angekuwa nacho,
ningepata pa kuishikia hasira yangu.
Alikuwa mpole, kama mtu aliyelala vizuri
maisha yake yote.

Februari moja akaamka,
nusu ya uso haikuamka naye.
Jicho la kushoto halifumbi, mdomo umeshuka,
chai inamchirizika kidevuni.
Mshipa wa fahamu umevimba, akasema daktari Nodari;
labda utapona masika, labda usipone.

Wiki ya kwanza alirudi nyumbani ameshika bega.
"Manana," akaniambia, maneno yakivuja upande,
"wameubadilisha mlango wa benki?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka
hadi nikakaa sakafuni, jikoni,
na ndani ya kicheko mlikuwa na karamu,
kana kwamba mgeni niliyemngoja tangu utoto
hatimaye amebisha hodi, hana viatu.
Karibu, dada. Karibu kwenye bei ya kila mtu.

Akaisoma bei hiyo.
Dereva wa basi alimwona kwenye kioo akikimbia,
akaondoa gari.
Ofisini alitoa wazo, likakaa mezani, likapoa;
dakika kumi baadaye Gocha akalipasha moto,
wakalipigia makofi.
Avto akampa mkate mmoja, akimtazama paji la uso
kama anayesoma saa ya ukutani.
Usiku nilimsikia mbele ya kioo
akijaribu b, akijaribu p, sauti zinazotaka midomo miwili,
na furaha yangu ikaanza kunuka mikononi mwangu
kama kitunguu.

Nikampa nilichokuwa nacho, ujuzi wa fundi mkongwe:
Sukuma kwa bega, si kwa kiganja.
Taja jina lako mara mbili.
Lipungie basi likiwa mbali.
Usingoje kutabasamiwa ndipo utabasamu, utazeeka.

Mei uso ukarudi. Kwanza kope,
kisha kona ya mdomo, shingo upande,
kama mdaiwa anayerejesha vitu kimoja kimoja.
Tukaenda kwa Avto. Akapiga ukelele:
"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"
"Hapa," Tsiala akajibu. "Kila asubuhi."
Akacheka, akidhani ni utani, akafunga mkate wa pili.

Nilingoja aukatae. Ningeupenda sana mwisho huo.
Aliuchukua. Ulikuwa wa moto, ana njaa, ni binadamu.

Benki, mlinzi aliruka kama zamani.
Tsiala akapita, kisha akageuka,
akauzuia mlango kwa mguu, akaningoja,
mlinzi akiwa bado ameshika kitasa,
hajui tena anamfungulia nani.

"Ni mzito," akaninong'oneza,
kana kwamba ni yeye aliyeugundua.
Nikamega ncha ya mkate wake, nikala.